GARI LINAPOLIA BILA YA MWIZI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaomiliki au kuendesha magari wanakumbushwa kwamba king'ora cha gari kimewekwa ili kuita watu, na king'ora kinachoita watu kila usiku bila ya sababu hatimaye hakimwiti mtu yeyote. Katika mitaa ya Mji Mkongwe, ambako nyumba zimebanana na magari huegeshwa chini ya madirisha ya watu, mlio mmoja wa saa nane za usiku huwaamsha wagonjwa, wazee na watoto wa skuli. Jirani aliyekwisha kuamshwa mara tatu na paka aliyerukia boneti, mara ya nne hatotoka hata kama kioo kinavunjwa kweli. Mwenye gari naye, akichoshwa na lawama, aghalabu huagiza waya ukatwe, na hapo huwa ameondoa kero na kinga kwa wakati mmoja.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitafuta hitilafu ya king'ora na ya ufunguo wa rimoti kabla ya kufikia hatua hiyo. Mara nyingi chanzo chake ni kitu kidogo cha bei nafuu, na mtu asiyekuwa fundi anaweza kukigundua kwa macho yake na kwa subira kidogo.

Kwanza ni vyema ikafahamika kwamba ndani ya ufunguo wa kisasa mna mambo mawili yaliyo mbalimbali, ingawa yamo katika kasha moja. La kwanza ni rimoti, ambayo hurusha mawimbi ya redio pale kitufe kinapobonyezwa, na hutegemea betri ndogo. La pili ni chipu ya imobilaiza, yaani kizuizi cha injini. Katika ufunguo wa kuchomeka, chipu hii haina haja ya betri. Hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la ufunguo, ikajitambulisha, na gari likakubali kuwaka. Kwa sababu hiyo, ufunguo ambao betri yake imekufa kabisa huweza kuwasha gari kama kawaida. Na kinyume chake, rimoti huweza kufungua milango vizuri ilhali injini inakataa kuwaka na taa yenye picha ya ufunguo au kufuli inamweka kwenye dashibodi. Katika hali hiyo ya pili, kubadilisha betri ya rimoti hakutosaidia kitu. Kunatakiwa ufunguo wa akiba ujaribiwe, na ukishindwa nao, gari lipelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kusomea kompyuta ya gari.

Ikiwa tatizo liko kwenye rimoti, swali la kuanzia ni moja: je, ufunguo wa pili unafanya kazi? Ukifanya kazi, gari halina kosa, na uchunguzi ubakie kwenye ufunguo wa kwanza. Dalili ya betri inayokwisha ni umbali kupungua. Ufunguo uliokuwa ukifungua mlango kutoka upande wa pili wa barabara sasa unadai usogezwe hadi kwenye kioo. Fungua kasha taratibu kwa kitu chembamba na usome nambari iliyoandikwa juu ya betri. Nambari hiyo ina maana. CR2032 ni betri ya volti 3 yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2016 ina upana uleule lakini unene wake ni milimita 1.6, na CR1620 ina upana wa milimita 16 na unene wa milimita 2. Baadhi ya wauzaji hutoa CR2016 badala ya CR2032 kwa hoja kwamba zinalingana kwa umbo. Zinalingana kwa upana tu. Iliyo nyembamba huchezacheza ndani ya kasha, ikagusa leo na kesho isiguse, na mwenye gari akadhani rimoti imeharibika.

Hapa pana tahadhari ambayo haifai kupitwa kwa haraka. Betri hizi za duara, hata zile zilizokwisha nguvu kwa ajili ya rimoti, ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Ikimezwa na kukwama kooni, umeme uliobakia huunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa huweza kutokea katika muda wa saa mbili tu, hata kama mtoto halii wala hatapiki. Anayeshukiwa kumeza betri apelekwe hospitali papo hapo, asilazimishwe kutapika, na wazazi waeleze wazi kwamba ni betri. Betri ya zamani ifungwe kwa utepe wa gundi pande zote mbili kabla ya kutupwa, na isiachwe juu ya meza hata kwa dakika chache.

Ufunguo uliotumbukia baharini, jambo la kawaida kwa watu wa visiwani, utolewe betri mara moja. Chumvi ndiyo adui kuliko maji yenyewe. Kibao cha ndani kisuuzwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kifutwe kwa kitambaa laini, kisha kianikwe kivulini penye upepo kwa siku nzima. Kuuzika ufunguo ndani ya mchele, kama wengi wafanyavyo, hakuondoi chumvi hata chembe.

Yako pia magari ambayo ufunguo wake husahauliwa na gari, hasa baada ya watoto kuuchezea mbali na gari kwa kubonyeza mara nyingi. Rimoti nyingi hubadilisha nambari yake ya siri kila inapobonyezwa, ili mwizi asiinase na kuitumia tena, na gari hutarajia nambari iliyo karibu na ile ya mwisho. Ufunguo ukitangulia mno, gari hulazimika kufundishwa upya kwa utaratibu ulioelezwa katika kijitabu chake. Wanaoagiza funguo kutoka nje nao wajue kwamba magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kama yalivyo mengi ya hapa kwetu, hutumia mawimbi ya megahezi 315 au karibu na hapo, wakati yale ya Uingereza na Ulaya aghalabu hutumia megahezi 433.92. Funguo mbili zinaweza kufanana kwa sura hadi mtu asizitofautishe, na moja ikawa haina faida yoyote kwa gari lako.

Ikiwa funguo zote mbili zimeshindwa, macho yageuzwe kwenye gari: fyuzi ya king'ora, kisha betri kubwa. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika usiku kucha huonyesha kiasi cha volti 12.6 kwenye mita. Ikionyesha 12 au chini yake, imekaribia kwisha. Vichwa vyake visafishwe ule unga mweupe au wa kijani. Umeme ukiwa dhaifu, akili ya king'ora huvurugika, na baadhi ya mitambo hulia kwa kudhani kwamba mtu anachomoa betri.

Tukija kwenye kero yenyewe ya kulia ovyo, mtuhumiwa wa kwanza ni swichi ya boneti. Swichi za milango hujitambulisha zenyewe: mlango ukihesabiwa kuwa wazi, taa ya ndani haizimiki au alama hubakia kwenye dashibodi. Ya boneti katika magari mengi haina taa yoyote ya kuisemea. Imekaa mbele, inapigwa na vumbi, mvua ya masika na hewa ya chumvi, mpira wake unakauka na chuma chake kinapata kutu. Gari likitikiswa na upepo wa kusi, swichi hugusa na kuachia, na king'ora huamini kwamba boneti imefunguliwa. Ibonyeze kwa kidole uone kama inarudi bila kukwama. Isafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Na kama imeoza, ibadilishwe. Hakikisha pia kwamba boneti inafungika sawasawa, kwani gari lililowahi kugongwa mbele mara nyingi huacha nafasi ambayo jicho haliioni.

Baada ya hapo ipimwe sensa ya mtikisiko. Teremsha kioo kimoja, funga gari kwa rimoti, subiri kama dakika moja, kisha piga mwili wa gari kwa kiganja, kwa nguvu ya mtu anayebisha hodi. Kikilia kwa pigo jepesi, ukali wa sensa upunguzwe kwa skrubu yake kidogo kidogo, huku ukijaribu tena kila mara. Yapo pia magari yenye sensa inayohisi mwendo ndani ya gari. Hayo hayataki kioo kiachwe wazi, wala tasbihi au kikapu cha asumini kinachoning'inia kwenye kioo cha ndani.

Baadhi ya ving'ora vina betri yao wenyewe ya ndani ili vilie hata waya ukikatwa. Betri hiyo ikizeeka, king'ora hulia chenyewe bila ya kuamriwa na gari, na hapo dawa ni kukibadilisha.

Gari lililofungwa kwa rimoti likafunguliwa kwa ufunguo wa chuma huweza kulia. Hiyo si hitilafu. Liwashe kwa ufunguo wake halali nalo litanyamaza. Kwa magari ya kuwashia kitufe, ufunguo wenye betri iliyokufa uwekwe karibu kabisa na kitufe, au mahali palipotajwa na kijitabu, ndipo kibonyezwe. Na ndani ya kasha lake mna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango.

Kuhusu imobilaiza, mwananchi asikubali fundi amwambie kwamba njia rahisi ni kuiondoa. Katika Umoja wa Ulaya kila gari jipya dogo limelazimika kuwa nayo tangu mwaka 1998, na sababu ni kwamba king'ora hupiga kelele tu ilhali imobilaiza hulizuia gari lisiondoke. Fundi asiguse pia waya zenye ala ya rangi ya manjano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama. Ufunguo ukipotea, aombwe aufute kwenye kumbukumbu ya gari anaposajili mpya, la sivyo aliyeuokota bado anaweza kuwasha gari.

Madereva wa magari ya Serikali wanashauriwa kuandika siku, saa na hali ya hewa kila king'ora kinapolia, na kumkabidhi Afisa Usafirishaji maandishi hayo pamoja na funguo zote mbili, gari linapopelekwa karakana.