Istilahi za Muziki: Albamu, Santuri na Lebo

Mfasiri akabidhiwaye habari za bendi ya Alabama ya Marekani atakwama kabla hajafika mbali. Jina la aina ya muziki wao, likifasiriwa neno kwa neno, huzaa "muziki wa nchi", na msomaji wetu atadhani zinazungumzwa nyimbo za taifa. "Nchi" hapa ni shamba, si dola. "Muziki wa mashambani" hukaribia maana, lakini muziki huu una makampuni yake, vituo vyake vya redio, na makao yake makuu mjini Nashville. Yafaa basi kukubali "muziki wa kantri", na kuufafanua mara ya kwanza unapotajwa.

Historia yenyewe ni fupi. Randy Owen, Teddy Gentry na Jeff Cook, jamaa wa ukoo kutoka Fort Payne, walianza mwaka 1973 kupiga muziki katika baa iitwayo The Bowery huko Myrtle Beach, South Carolina, wakitegemea bakshishi za wateja. (Hapa neno tunalo tangu zamani, hakuna haja ya kubuni.) Baada ya kurekodi na kampuni ndogo walifunga mkataba na RCA, na mwaka 1980 ikatoka *My Home's in Alabama*, albamu iliyowapatia jina. Nyimbo zake mbili, "Tennessee River" na "Why Lady Why", zilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri ya jarida la Billboard.

Wengi huandika "santuri" mahali pa "albamu". Santuri ni kitu kishikikacho mkononi. Albamu ni mkusanyo wa nyimbo, uwe katika santuri, kaseti au kwenye mtandao. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Karani akiandika katika mkataba kwamba msanii atalipwa mrabaha "kwa kila santuri", na nyimbo zikauzwa kwa njia nyingine, msanii aweza kukosa haki yake kwa sababu ya neno moja.

"Lebo" nayo ilikuwa karatasi ya duara ibandikwayo katikati ya santuri, yenye jina la kampuni. Wanamuziki wetu wamekwisha kuizoea kwa maana ya kampuni yenyewe, nasi hatuna sababu ya kuwapinga. Hata hivyo, katika waraka wa serikali "kampuni kubwa ya kurekodi muziki" huondoa shaka ambayo "lebo kubwa" huiacha.

Jina la albamu ndilo gumu zaidi, ijapokuwa maneno yake ni mepesi. "Nyumba yangu iko Alabama" ni habari ya kuta na paa. Mtu aweza kujenga mahali asikotoka. Mswahili aulizwapo asili yake hujibu kwa wingi, hata akiwa peke yake: kwetu ni Pangani, kwetu ni Lamu. Basi, "Kwetu ni Alabama". Katika maandishi rasmi jina la asili libaki, na fasiri hii iandikwe baada yake mara moja tu.