Mkono wa Koki na Mpira Uliouvunja

Katika nyumba za wageni za Katoro, Geita na Kahama, ambazo wenyeji huziita gesti na ambazo zimezidi kuchipuka kwa kadiri dhahabu ilivyozidi kuwavuta watu, si ajabu msafiri aingiaye bafuni na vumbi la njiani akakuta chini ya bomba la mvua, mahali palipostahili kuwa na mkono wa koki unaong'aa, kijiti kifupi cha shaba kilichotokeza ukutani, na juu ya dirisha lililo karibu koleo lililowekwa makusudi ili kila aogaye alitumie kufungulia maji na kuyafunga. Koleo hilo lilianza kuwa dawa ya siku moja. Walakini siku ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kila liliposhikwa liliyaguguna meno ya kijiti kidogo kidogo hata kikawa laini, kisiweze tena kukamatwa na mkono wowote mpya utakaonunuliwa. Hapo ndipo gharama ya mkono mmoja inapogeuka kuwa gharama ya koki nzima, na pengine ya ukuta, kwa kuwa koki hizi aghalabu huzikwa ndani ya ukuta na kufunikwa kwa marumaru.

Huenda msomaji akaona kwamba kuzungumzia bomba la mvua katika nchi ambayo watu wake wengi huoga kwa ndoo na kopo ni kuzungumzia anasa. Lakini Shinyanga ya leo si ile iliyotegemea bwawa la Ning'hwa na rehema ya mawingu. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua mradi uyatoao maji katika Ziwa Viktoria, penye kijiji cha Ihelele wilayani Misungwi, ukayasafisha na kuyapandisha mlimani, kisha ukayaacha yateremke yenyewe katika mabomba makubwa hadi Kahama na Shinyanga. Nao ulijengwa kwa fedha za Tanzania yenyewe pasipo kungoja ridhaa ya Misri, ijapokuwa mkataba wa maji ya Mto Nile wa mwaka 1929, ambao Waingereza waliufunga kwa niaba ya makoloni yao, ulitaka ridhaa hiyo iombwe kwanza. Maji hayo huuzwa kwa jumla na mamlaka iitwayo KASHWASA, na SHUWASA huyagawa katika mji wa Shinyanga. Hivyo mabomba ya mvua yameingia katika nyumba za kupanga na za watu wa hali ya kati, ambao fedha zao za kumwita fundi si nyingi, na ambao kwa sababu hiyo wana haki ya kujua ni nini hasa kilichovunjika.

Rai yangu, ambayo mafundi bomba wengi hawataikana, ni kwamba mkono wa koki ni nadra kufa kwa ajali yake wenyewe. Huuawa na kipande cha mpira kilichojificha nyuma yake, kiitwacho washa, ambacho bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya koki; na mtu aunganishaye mkono bila kuubadili mpira huo amejitengenezea kazi ileile ya kurudiwa.

Ili jambo hili lidhihirike, yafaa tutazame koki ya kawaida ilivyo. Asili yake ni ya zamani, kwa maana koki ya kukaza kwa hesi ilipata hataza huko Rotherham, Uingereza, mwaka 1845, na tangu wakati huo haikubadilika sana. Ndani yake mna tundu la duara ambalo maji hupanda kulipitia, na ukingo wa tundu hilo ndio kitako. Juu ya kitako hushuka kile kijiti cha shaba, ambacho mafundi hukiita spindeli, kikiwa kimevaa washa ya mpira kwenye ncha ya chini na meno madogo ya kuushika mkono kwenye ncha ya juu. Mtu azungushapo mkono, hesi huishusha spindeli, mpira hukikalia kitako, na maji husimama.

Sasa na tupime nguvu inayohitajika. Maji yaliyo juu ya koki kwa mita 10 hulemea kwa kiasi cha kilo 1 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo tenki la nyumbani lililoinuliwa mita 3 tu hulemea kwa theluthi ya kilo isiyotimia, ilhali bomba la mamlaka laweza kuleta msukumo wa kilo 3. Tundu la kitako lenye upana wa milimita 12 lina eneo la zaidi kidogo ya sentimita moja ya mraba, hivyo hata katika msukumo huo mkubwa maji huusukuma mpira kwa nguvu isiyofika kilo 4. Mtoto wa shule aweza kuizuia nguvu hiyo kwa kiganja, na hesi ya koki huirahisisha zaidi. Basi mtu mzima akazapo koki kwa mkono mzima na kuuma meno, hapigani na maji. Anapigana na mpira uliokauka na kupasuka, au na kitako kilichochubuliwa na mchanga na kutu, na katika vita hivyo kilicho dhaifu kuliko vyote ni ule mkono wa plastiki alioushika.

Mchanga na kutu huja zaidi baada ya mgawo wa maji. Bomba likikauka hewa huingia, na maji yarudipo hukokota uchafu uliokuwa umelala chini; nao mtu aliyeiacha koki wazi akingoja maji ndiye aupokeaye uchafu huo wote kitakoni. Vilevile nyumba iliyokuwa ikitumia tenki, ikiunganishwa na bomba la mamlaka, hupata msukumo wa mara kumi, na koki iliyokuwa imetulia huanza kudondoka usiku. Tone moja kwa kila sekunde hujaza lita 4 hivi kwa siku, yaani ndoo ya lita 20 katika muda wa siku 5. Si hasara ya kumfilisi mtu, illa sauti yake humfanya aamke kukaza, akaze tena, mpaka aachwe na nusu ya mkono kiganjani.

Matengenezo yenyewe yataka subira kuliko zana. Maji hufungwa kwanza kwenye koki kuu iliyo karibu na mita au chini ya tenki, kisha koki nyingine ya nyumba hufunguliwa ili yaliyobaki yatoke. Tundu la sakafuni huzibwa kwa kitambaa, kwani parafujo ndogo ikitumbukia humo haionekani tena. Katikati ya mkono mna kifuniko kidogo, mara nyingi chenye alama ya buluu au nyekundu. Hubanduliwa kwa ncha ya kisu, na chini yake ndimo ilimo parafujo iufungayo mkono. Ikiwa imeshikwa na kutu, ipewe mafuta ya taa ilale nayo hadi asubuhi. Nasaha moja sitaacha kuitoa: nyundo isitumike hata kidogo, maana pigo moja laweza kupasua kiungo cha bomba kilichozikwa ukutani, nacho huvuja kimyakimya kwa miezi kabla rangi ya chumba cha jirani haijavimba. Mkono uliogoma humwagiwa maji ya moto, ukatanuka, kisha huvutwa kwa kutikiswa.

Ukishatoka ndipo hukumu itolewe. Iwapo meno ya plastiki ndani ya mkono ndiyo yaliyolika na yale ya spindeli ni mazima, ukanda mwembamba uliokatwa katika kopo la soda la aluminiamu, ukivishwa juu ya spindeli kabla ya kurudisha mkono, hukaza vizuri kwa kitambo cha kutosha kutafutia fedha. Mkono uliopasuka ubavuni hubanwa kwa kibano cha chuma kitumikacho kwenye mipira ya maji, kile chenye parafujo ya kukazia. Hakipendezi macho, lakini hufanya kazi, na mimi nakipendelea kuliko gundi, ambayo katika bafu lenye unyevu haidumu isipokuwa ile ya mirija miwili ya kuchanganya, nayo ipakwe juu ya kitu kikavu kabisa.

Hapa ndipo watu wa ukanda wa dhahabu walipo na bahati ambayo pengine hawaitambui. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa, kwa makarasha yao ya kusagia mawe, wamezalisha karibu nao kabila zima la mafundi wa kuchomelea na wa kukereza chuma, watu wanaotengeneza shafti na bushi bila mchoro, kwa kutazama tu kilichovunjika. Fundi wa namna hii huweza kutoboa kipande cha nondo au bomba nene, akaweka nati na bolti ndogo ya kubana ubavuni, akakupa mkono wa chuma utakaodumu kuliko koki yenyewe, hata kama spindeli imekwisha meno. Lakini kazi yote ifanyiwe karakanani, si bafuni, kwa kuwa moto wa kuchomelea huunguza mpira na kuyeyusha mabomba ya plastiki; na asiombwe kuunga mkono wa kung'aa uliovunjika, kwa sababu mingi kati ya hiyo si chuma bali ni aloi ya zinki iliyopakwa kromiamu, nayo huyeyuka katika joto la digrii 400 hivi, ikabaki tone sakafuni. Tena vyuma chakavu vilivyowahi kugusana na zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kukamatia dhahabu, visiingie nyumbani kwa hali yoyote: zebaki ni sumu, na fauka ya hayo huipenya shaba na kuifanya ivunjike kwa urahisi.

Anayeamua kununua mkono mpya asiende dukani na maelezo. Aende na mkono wa kale mkononi, na ikiwezekana na spindeli yake, kwa kuwa meno hayalingani. Mengi ni 20 au 24, na tofauti hiyo haionekani kwa jicho la haraka, bali humfanya mnunuzi arudi mara ya pili. Kuhusu hesi ya koki yenyewe hakuna tashwishi kubwa, kwa sababu Mwingereza Joseph Whitworth aliyependekeza kipimo kimoja cha hesi mwaka 1841 ametuachia urithi ambao mabomba yetu bado yanaufuata: bomba la nusu inchi lina mizunguko 14 kwa kila inchi, liwe limeundwa wapi. Mtu asishangae tu akipima kwa rula na kukuta hesi ya nusu inchi ina upana wa karibu milimita 21, kwani nusu inchi ni jina la tundu la ndani, si la mwili wa nje.

Wakati spindeli imetoka ndio wakati wa kubadili washa, na kupapasa kitako kwa kidole kama kina makovu. Maji yakivuja shingoni mwa spindeli, uzi wa pamba uliopakwa grisi, ukizungushwa chini ya nati ya shingo, huyaziba. Na katika nchi ya Wasukuma, ambako pamba imelimwa kwa vizazi, uzi si kitu cha kutafutwa. Koki za robo mzunguko hazina washa wala hazihitaji hila hii, maana ndani yake mna visahani viwili vigumu vya udongo uliochomwa; vikishakwaruzwa na mchanga hubadilishwa kiini kizima. Na wale wanaotumia visima virefu vyenye maji ya chumvichumvi watakuta ukoko mweupe wa chokaa juu ya spindeli, ambao siki au maji ya limau huulainisha kwa usiku mmoja. Maji ya ziwani hayana tabia hiyo, kwa kuwa ni laini.

Penye bomba la mvua la umeme, swichi kuu izimwe kabla ya kugusa chochote, na mkono wa chuma uliotengenezwa karakanani usiwekwe mpaka fundi umeme athibitishe kuwa waya wa ardhi upo na umeunganishwa.

Kazi ikiisha, kichwa cha bomba la mvua kifunguliwe na koki iachwe wazi, ndipo koki kuu ifunguliwe polepole, ili hewa na kutu vitoke kabla ya washa mpya kukaliwa na mchanga wa kwanza. Na koki iliyoshindikana, ikibidi ukuta uvunjwe na mpya iwekwe, isiuzwe kwa muuza vyuma chakavu pamoja na spindeli yake: ing'olewe spindeli, nati, parafujo na kifuniko, vifungwe katika mfuko mmoja, kwa maana koki ya uani au ya chooni aghalabu ni ya kipimo kilekile, nayo haitachelewa kuvihitaji.