Leza na Ukaushaji wa Mbao Ngumu za Tabora

Katika misitu ya miombo inayoizunguka Tabora, wapasuaji wa mbao wamezoea kuutafuta mti wa mninga na kuuacha ule wa mtundu, ingawa mtundu umejaa tele. Sababu mojawapo ni ukaushaji: mninga husinyaa kidogo na hutulia, ilhali mtundu hupinda na kufanya nyufa.

Kiini cha tatizo ni njia ya maji. Unyevu husafiri kwa kufuata urefu wa nyuzi mara 10 hadi 15 haraka kuliko unavyokatisha nyuzi hizo, lakini kwa kuwa ubao ni mrefu na mwembamba, sehemu kubwa ya unyevu hulazimika kutokea kwenye nyuso pana, yaani kwa njia ile iliyo ngumu. Zaidi ya hayo, katika kiini cha miti mingi ya mbao ngumu mirija huwa imezibwa. Uso ukitangulia kukauka hadi maji yake yakapungua chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, huanza kusinyaa wakati sehemu ya ndani bado ni mbichi, na mvutano huo ndio unaozaa nyufa, hasa katika kiangazi cha Tabora chenye hewa kavu na upepo.

Leza, yaani mwanga uliokusanywa kwa nguvu mahali padogo sana, hukabili kikwazo hicho moja kwa moja. Leza ya hewa ya ukaa, iliyobuniwa na Kumar Patel mwaka 1964, huugeuza mti kuwa mvuke na moshi mara moja, ikiacha kitundu chembamba kuliko milimita moja kinachozama ndani ya ubao bila kisu wala msumari kuugusa. Kitundu hukata mirija mingi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo unyevu husafiri masafa mafupi kwa kufuata nyuzi, ukafika kwenye kitundu na kutoka.

Gharama zipo: nyuzi zilizokatwa hupunguza uimara, kuta za vitundu huungua, na alama huonekana, jambo lisilofaa kwa meza au mlango wa thamani. Hata hivyo, mtundu unastahili kujaribiwa kwa leza, kwa kuwa kila ubao wake unaokauka vizuri unaweza kuupunguzia mninga shoka. Kwa sasa, hata bila leza, karakana za Tabora zinaweza kupanga mbao kivulini, kuzitenganisha kwa vijiti na kupaka rangi kwenye ncha, ambako maji hukimbia upesi kupita kiasi.