Bahasha ya senti 55, au mguu wako
Novemba 2020, korona ikiwa imepamba moto, Mkongomani aliyekwisha kupata uraia wa Marekani aliweza kujaza karatasi ya kura mezani kwake, akaitia ndani ya bahasha na kubandika stempu ya senti 55. Majimbo mengine yalimlipia hata hiyo stempu. Posta ilimwomba tu asingoje siku za mwisho.

Huku Nyamianda, mjini Uvira, bahasha hiyo haiuzwi. Kongo haina kura ya posta, na mzee aliyelala kitandani hawezi kumtuma mjukuu ampigie. Kwetu ni mguu tu. Cha kulinganisha ni mguu uende wapi, na saa ngapi.

Karte ya mchaguzi ni bure, lakini unapigia kura pale ulipojiandikishia, na hapo ndipo gharama inapojificha. Aliyejiandikisha 2023 kwenye shule ya jirani anatembea dakika chache. Aliyeandikwa Bukavu kwa sababu wiki ile alikuwa kwa shemeji yake, atalipa gari kwenda na kurudi, chakula cha njiani, labda na usiku mmoja wa kulala. Hakuna kosa ghali kama hilo. Tena karte nyingi za 2023 wino wake ulififia upesi. Piga fotokopi siku ile ile unapoipokea.

Saa nayo ni feza. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Mama muuza ndagala akipanga mstari alfajiri, mitumbwi inatia nanga yeye hayupo, na wenzake wanachukua mzigo wote. Desemba 20, 2023, siku ya uchaguzi mkuu, vituo vingi nchini vilichelewa kufunguliwa, kwa hiyo waliowahi walipoteza soko na bado wakangoja. Mimi ningemwambia: nunua ndagala kwanza, mwachie binti beseni, njoo saa nne.

Kuhusu ugonjwa, mashine ya kupigia kura inaguswa na kila kidole kabla ya chako. Kipindupindu tunakijua Uvira kuliko korona, na hakiogopi barakoa. Kipande cha sabuni na chupa ya maji yaliyochemshwa nyumbani ni nafuu kuliko nauli ya pikipiki, na kuliko juisi ya mfuko inayouzwa kwenye mstari.

Kuna bei ambayo mchaguzi hapangi mwenyewe. Desemba 26, 2018, CENI, tume ya uchaguzi, iliahirisha kura ya Beni na Butembo, huko Kivu Kaskazini, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Tarehe 30, sehemu nyingine za nchi zikipiga kura, watu wa Beni walijiandalia kura yao wenyewe, wakanawa mikono na kupanga mstari. Haikuhesabiwa. Vituo vya kweli vilipofunguliwa kwao Machi 31, 2019, walichagua wabunge tu. Rais alikuwa amekwisha kuapishwa tangu Januari 24.