Umeme Mtulivu kwa Redio ya Valvu

Redio ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, watu waliisikiliza kwa redio za valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa ndani. Baadaye transista zilichukua kazi hiyo, lakini valvu bado zinapendwa katika vikuza sauti vya magitaa, na huenda nyumbani kwenu ipo redio ya babu inayongoja fundi. Anayetaka kuifufua hana budi kujua kwanza chakula chake, nacho ni umeme wa volti nyingi zisizoyumba.

Ndani ya valvu, kathodi ikipashwa moto hutoa elektroni. Anodi huzivuta, na kuzivuta kwataka nguvu kubwa, mara nyingi volti 250. Kati yao ipo gridi, ambayo ni kama mlango: ikibadilika kidogo tu, mkondo hubadilika sana. Volti za anodi zikiyumba, sauti huharibika, na stesheni uliyoishika huhama.

Nasi twajua kuwa umeme huyumba. Kipimo chake ni volti 230, lakini mwishoni mwa nyaya ndefu huweza kupungua jioni, watu wengi wanapowasha taa na pasi, na kupanda usiku wa manane. Tuchukue kwamba hushuka au kupanda kwa asilimia 10.

Watu wa mlimani watalielewa jambo hili upesi kwa kufikiri juu ya mfongo. Maji ya mfongo hayaji sawasawa, kwa hiyo wazee walichimba nduwa ya kuyakusanya, na mtu wa kufungua na kufunga mlango wake. Chombo chetu pia kina nduwa na mlinzi wa mlango. Tuseme twataka volti 250 na mkondo wa miliampia 50.

Kwanza, transfoma ipandishe volti 230 ziwe 280. Daiodi nne huufanya umeme unaokwenda na kurudi uende upande mmoja tu, kisha kapasita huukusanya. Hiyo ndiyo nduwa yetu. Kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi, yaani 280 mara 1.414, karibu volti 396. Umeme ukishuka, kilele ni 356. Ukipanda, ni 435. Kwa hiyo kapasita ya volti 400 haifai. Tafuta ya 500.

Pili, nduwa hiyo hujazwa mara 100 kwa sekunde, na katikati hupungua. Gawanya ampia 0.05 kwa 100, kisha kwa faradi 0.000047, yaani maikrofaradi 47. Utapata volti 11 hivi. Toa hizo pamoja na volti 2 za daiodi katika 356, zitabaki 343. Hata saa mbaya kabisa tunayo akiba ya volti 93 juu ya zile 250 tunazotaka.

Tatu, mlinzi wa mlango ni valvu EL34, gridi yake ya pili ikiunganishwa na anodi. Kazi yake ni kuzuia volti zilizozidi. Umeme ukipanda huzuia volti 185. Zidisha kwa ampia 0.05, utapata joto la wati 9 na robo. Valvu hiyo huvumilia wati 25, basi haitaungua. Lakini kathodi yake iko kwenye volti 250, kwa hiyo waya wake wa moto upewe koili yake peke yake katika transfoma.

Nne, mlinzi hahitaji kubahatisha, lazima aambiwe. Valvu ya gesi 85A2 hushika volti 85 karibu bila kubadilika, nayo ndiyo kipimo chetu. Nusu ya valvu ECC83 hulinganisha kipimo hicho na theluthi moja ya volti zinazotoka, yaani 83 hivi. Zinazotoka zikipungua, ECC83 hupitisha mkondo mdogo zaidi, volti za anodi yake hupanda, na kwa kuwa anodi hiyo imeungwa na gridi ya EL34, mlango hufunguka. Zikizidi, mlango hujifunga. Hayo hutendeka upesi kuliko sikio linavyoweza kutambua.

Sasa sikilizeni neno kubwa kuliko yote. Volti hizi huua, na hata swichi ikizimwa kapasita hubaki imejaa. Funga sambamba nayo rezista ya omu 220,000, ya wati 2, iliyotengenezwa kwa volti 500 au zaidi, ili imwage umeme uliobaki. Kwa maikrofaradi 47, volti 435 hushuka chini ya 40 kwa nusu dakika hivi. Hata hivyo ngoja dakika nzima, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa, kwani rezista nayo huweza kukatika. Weka fyuzi, unganisha sanduku la chuma na waya wa ardhi, na usifanye kazi hii bila mwalimu au fundi karibu.

Basi shikeni kalamu kwanza, chuma cha kulehemu baadaye. Aliyepiga hesabu ya saa mbaya kabisa hatashtuka ikimfikia.