Penalti si bahati nasibu, timu zetu zifanye mazoezi

Kila timu inapotolewa kwa mikwaju ya penalti, maneno barazani huwa ni yale yale: "Penalti ni bahati nasibu." Tuliyasema Agosti 22, 2025, Harambee Stars walipotolewa na Madagaska katika robo fainali ya CHAN pale Kasarani. Dakika 120 ziliisha 1-1, kisha wageni wakashinda 4-3 kwa matuta. Tunayasema pia katika mashindano ya mitaa yetu, ambako mara nyingi hata muda wa ziada hakuna. Mkitoka sare, ni penalti moja kwa moja.

Mimi sikubaliani na maneno hayo. Bahati ipo, lakini haifanyi kazi peke yake.

Wanaopinga mazoezi ya penalti wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba presha ya siku ya mechi haiwezi kuigizwa mazoezini. Glenn Hoddle, aliyekuwa kocha wa Uingereza, aliamini hivyo. Katika Kombe la Dunia la 1998 timu yake ilitolewa na Argentina kwa penalti, na aliyekosa mkwaju wa mwisho, David Batty, hakuwa mpigaji wa penalti hata kidogo.

Hoja ya pili ni Uhispania. Kabla ya Kombe la Dunia la 2022, kocha Luis Enrique alisema aliwaagiza wachezaji wake kila mmoja apige penalti zisizopungua 1,000 wakiwa kwenye klabu zao. Desemba 6 walikutana na Moroko, wakatoka 0-0, na kwenye matuta hawakufunga hata moja. Sarabia aligonga mwamba, kipa Bono akapangua ya Soler na ya Busquets. Moroko wakapita 3-0.

Basi mazoezi hayana faida? Hapana. Uhispania imetufunza kwamba wingi wa mikwaju hautoshi. Kumpiga kipa unayemzoea, asubuhi, huna uchovu, hakuna anayekutazama, ni kujifunza kupiga mpira tu. Matuta yana mambo mengine: miguu iliyochoka, mwendo mrefu kutoka katikati ya uwanja, kelele, na kipa anayekuchelewesha makusudi.

Tutazame hesabu kidogo. Kwa kawaida, takriban penalti tatu kati ya nne huingia. Tuseme timu yako ina uwezo wa kufunga 70 kwa kila 100. Uwezekano wa watano wote kufunga ni kama 17 kwa 100 tu. Mazoezi yakiinua uwezo huo hadi 80, uwezekano wa watano wote kufunga unapanda hadi karibu 33 kwa 100. Umeongeza kidogo kwa kila mpigaji, lakini kwa timu nzima umekaribia kuzidisha mara mbili.

Uingereza wenyewe walibadilika. Chini ya Gareth Southgate, ambaye aliwahi kukosa penalti katika Euro ya 1996, walianza kujiandaa kwa mpango: nani apige, kwa zamu gani, apumue vipi kabla ya kukimbilia mpira. Mwaka 2018 waliitoa Colombia kwa matuta, na katika Euro ya 2024 walifunga zote tano dhidi ya Uswisi. Kipa Pickford alikuwa na chupa ya maji iliyoandikwa kila mpigaji wa Uswisi hupenda upande gani, naye akapangua ya Akanji. Ni kweli kwamba katikati hapo walipoteza fainali ya 2021 kwa Italia. Maandalizi hayakupi kombe; yanakupa nafasi bora zaidi.

Kwa timu zetu za mtaani, hili halihitaji pesa. Wiki moja kabla ya mechi ya muondoano, kocha atenge dakika 15 mwisho wa mazoezi, vijana wakiwa wamechoka. Wapange mstari katikati ya uwanja, kila mmoja atembee peke yake hadi kwenye mpira, mkwaju mmoja tu, na wenzake wampigie kelele. Mpigaji achague upande kabla ya kuweka mpira chini, na asibadilishe. Filimbi ikilia, asiharakishe. Mtafiti wa Norwei, Geir Jordet, ameonyesha kuwa wanaokimbilia kupiga mara tu refa anapowaruhusu hukosa zaidi.

Kipa naye apige. Katika fainali ya Kombe la Afrika la 2015, Ivory Coast na Ghana walifika hadi kwa makipa. Boubacar Barry wa Ivory Coast alipangua mkwaju wa kipa mwenzake, kisha akafunga wake, wakashinda 9-8.

Na orodha ya wapigaji iandikwe kabla ya mechi. Tumezoea kuona kocha akiuliza uwanjani, "Nani anapiga?" huku wakubwa wakiangalia chini na kijana wa miaka 17 akisukumwa mbele. Akikosa, lawama zote ni zake. Atataniwa njiani, dukani, hadi msikitini, na wengine huacha mpira kabisa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kombe lenyewe.

Kijana aliyefanya mazoezi, aliyejua tangu juzi kwamba yeye ni wa nne, anaweza kukosa pia. Lakini atakuwa amekosa pamoja na timu yake, na nahodha atajua ni wajibu wake kumfuata na kumshika bega. Makocha wetu, dakika 15 hizo tunaweza kuzipata.