Miti Yetu Haiwezi Kungoja Wageni

Gazeti likishasomwa huku kwetu Tanga halitupwi. Hufungiwa maandazi na samaki wa kukaanga, hutandikwa kabatini, na fundi rangi hulitandaza sakafuni asije akaichafua nyumba ya watu. Lakini ipo kazi nyingine ambayo wasomaji wetu wengi hawaijui, nayo ina heshima kuliko hizo zote. Wataalamu wa mimea waingiapo msituni huchukua mzigo wa magazeti makuukuu, na kila tawi walikatalo, likiwa na majani, maua au matunda yake, hulilaza ndani ya kurasa, kisha wakalibana kati ya mbao mbili kwa mikanda na kulikausha. Karatasi hunyonya maji, na tawi lililokaushwa vyema na kutunzwa hudumu hata miaka mia mbili na zaidi. Hivyo habari za mkutano wa wilaya na matokeo ya mpira hulala ubavu kwa ubavu na mmea ambao pengine hakuna kitabu kilichowahi kuutaja.

Tumeamua kuandika leo juu ya kazi hiyo kwa sababu ya deni tulilo nalo kwa mzee mmoja wa Kisambaa, ambaye jina lake tunalihifadhi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa safu hii alipokuwa katika shughuli za Chama kwenye kata moja ya Usambara Mashariki, ulifika msafara wa wataalamu waliotaka kuorodhesha miti ya msitu wa kijiji. Mzee huyo alitolewa na serikali ya kijiji awe kiongozi wa njia. Siku ya kwanza walifika mahali penye miti mitatu iliyosimama karibu karibu, nao wataalamu wakaiandika yote kwa jina moja. Mzee akasita. Akatoa kisu, akakwangua gome la kila mti, akawanusisha. Wa kwanza na wa pili ilikuwa na harufu moja. Wa tatu ulinuka vingine kabisa, na utomvu wake ulikuwa wa rangi nyingine. "Hawa wawili ni ndugu," alisema, "huyu ni mpangaji tu." Wenzake walicheka, lakini mtaalamu mmoja hakucheka. Alilipanda lile shina kwa macho hadi kileleni, akauliza: unachanua lini?

Hilo ndilo swali lenyewe, na yafaa tulieleze. Katika ilimu ya mimea, jani peke yake ni ushahidi dhaifu. Jamaa za miti hutofautishwa zaidi kwa maua na matunda: idadi ya petali, mahali zilipoota stameni, jinsi tunda linavyopasuka. Tawi lisilo na ua wala tunda aghalabu huwekwa pembeni pasipo jina, hata kama kila aliyeliona anashuku kuwa ni jipya. Msimu ule mti wa mzee haukuwa na ua. Tawi lake lilikatwa, likalazwa gazetini, na ahadi ikatolewa kwamba watu watarudi. Mzee alilipwa posho ya siku nne. Tulipoiona taarifa baadaye, madereva walikuwa wametajwa kwa majina, yeye hakutajwa.

Mwaka uliofuata alituma salamu kwamba mti umechanua. Salamu zikafikishwa ofisini kunakohusika. Jibu likawa kwamba fungu la safari limekwisha. Akatuma tena mara ya pili, miaka miwili baadaye, na safari hii aliliokota ua lililoanguka, akalifunga katika jani la mgomba, akampa kondakta wa basi. Lilifika mjini limeoza.

Msomaji asidhani kwamba kuupa mmea jina ni anasa ya wasomi. Mmea usioandikwa rasmi, kwa taratibu zinazokubaliwa na mataifa yote, haumo katika hesabu. Kwa kawaida hauingizwi katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Lakini mtathmini afikapo msituni huandika anachoweza kukitaja, na asichoweza kukitaja huandika "haujatambulika". Hatujapata kuona mradi uliozuiwa na neno hilo.

Na utaratibu wenyewe wa kuandika jina hauna uchawi. Anayedhani ameona spishi mpya, yaani aina ambayo haijapata kuelezwa, hulinganisha tawi lake na yale yaliyohifadhiwa katika hebaria, ambazo ni nyumba za kutunzia mimea iliyokaushwa. Akiridhika kwamba halifanani na lolote, huandika maelezo, huchagua jina la Kilatini, na huteua tawi moja liwe shahidi wa jina hilo milele. Kila atakayebishana siku za usoni atarudi kwa shahidi huyo. Tangu mwaka 1990 ni lazima pia mwandishi aseme shahidi amehifadhiwa katika nyumba ipi.

Sasa tazama mashahidi wetu wako wapi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona mmea mdogo wenye maua ya rangi ya urujuani, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Hannover, aliuandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo ua hilo huuzwa madukani Ulaya na Marekani, na akina mama wa huko huliweka dirishani bila kujua kama Tanga ni mji au ni dawa. (Historia ina mizaha yake: mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba mmea huo ni wa jenasi ya Streptocarpus, na jina la yule bwana likaondoka mbele ya ua lake.)

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani, juu ya Muheza, chuo cha utafiti wa kilimo na mimea. Matawi mengi mno yaliyokusanywa katika koloni lao yalipelekwa Berlin, na huko ndiko walikoketi mashahidi wa majina. Mnamo Machi 1943, katika vita ambavyo miti yetu haikuvitangaza, mabomu yaliiteketeza hebaria ya Berlin. Sehemu kubwa sana ya mashahidi wa misitu yetu iligeuka majivu kwa usiku mmoja. Nakala zilizokuwa zimebaki Amani ndizo zilizowafaa wataalamu baada ya hapo. Nazo zilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, zikawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki.

Kazi kubwa iliyofuata ni kitabu kiitwacho Flora of Tropical East Africa, kilichohaririwa Kew, Uingereza, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012. Wataalamu 135 kutoka nchi 21 waliandika zaidi ya spishi 12,000, na kati ya hizo kama 1,500 zilikuwa hazijapata kujulikana katika ilimu. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini wapo viongozi waliokichukua kitabu kile kama cheti cha kumaliza shule, wakasema mimea imekwisha kuandikwa na fedha ziende kwingine. La hasha. Tangu 2012 spishi mpya zimezidi kuelezwa mwaka hadi mwaka, hasa kutoka safu hii ya milima inayoanzia Taita, ikapitia Upare, Usambara, Nguru na Uluguru, hadi Udzungwa.

Kuchelewa kuna gharama. Mwaka 1977 katika msitu wa Mwachi, karibu na Mombasa, ulionekana mti mmoja, mkubwa kwa jamaa yake. Maelezo yake rasmi yalitoka miaka kadhaa baadaye; leo huitwa Karomia gigas. Mti ule wenyewe ulikatwa. Kwa miaka mingi dunia ilikuwa na jina lisilo na mti, mpaka mwaka 1993 ulipopatikana mwingine kusini mwa Tanzania, kiasi cha kilomita 600 kutoka pale. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuona tena, na ingali ni miti michache mno, ambayo mbegu zake hushambuliwa na kuvu. Huko huko kusini upo Erythrina schliebenii, mti wa maua mekundu na shina lenye miiba, uliokusanywa karibu na ziwa Lutamba, Lindi, katika miaka ya 1930. Mwaka 1998 ulitangazwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana wilayani Kilwa! Wanakijiji waliokuwa wakipita chini yake kila siku hawakuwa wameulizwa.

Hapo ndipo tunapofikia habari iliyotupa moyo wa kuandika. Mwaka 2019, katika misitu ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, wilayani Kilolo katika milima ya Udzungwa, ilionekana miti mirefu ya kufika meta 40 ambayo haikufanana na yoyote iliyoandikwa. Mwaka 2025 ilitangazwa rasmi kwa jina la Tessmannia princeps. Watafiti walikadiria kwamba baadhi yake yumkini ina umri upatao miaka 3,000, na kwamba iliyokomaa haizidi kama 1,000. Tafakari, ndugu msomaji: si kijani kidogo kilichojificha chini ya jiwe, ni jitu la msituni, na lilikaa bila jina hadi juzi.

Lakini kwetu sisi ukubwa wa mti si kitu kuliko mambo mawili mengine. La kwanza, haukupatikana ndani ya hifadhi ya taifa yenye lango na askari, bali katika misitu iliyotengwa na vijiji vyenyewe, kwa mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji, ile mihtasari ambayo maofisa wengine huidharau. La pili, miongoni mwa waliotia majina yao katika maelezo rasmi wamo Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma, wenyeji wa Sanje chini ya milima hiyo, waliojifunza mimea kwa kuishi nayo na kufanya kazi na watafiti. Hawakuandikwa kama wabeba mizigo. Wameandikwa kama waandishi.

Tofauti kati ya Kilolo na kata yetu ile haikuwa ya elimu ya vyuo vikuu. Ilikuwa kwamba Udzungwa palikuwa na watu wa hapo hapo wenye ujuzi wa kulifuatilia ua na kulihifadhi, ilhali kwetu palikuwa na mzee mwenye macho, asiye na mbao mbili wala mkanda. Mtaalamu hupita kwa ratiba ya bajeti. Mti huchanua kwa ratiba yake. Miti mingine ya msitu wa milimani huweza kukaa miaka bila ua, kisha ukachanua kwa juma moja. Nani atakayekuwapo juma hilo kama si anayelala kijijini?

Kwa hiyo tunasema wazi. Mkoa huu una bahati ya kuwa na hebaria ya misitu hapo Lushoto na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Halmashauri zetu zinazopakana na misitu zichague vijana wawili wawili kutoka kila kijiji, wafundishwe kukata, kubana, kukausha na kuandika kibandiko: mahali, tarehe, kimo kutoka usawa wa bahari, rangi ya ua, harufu ya gome, jina la Kisambaa, la Kibondei au la Kizigua, na jina la aliyeuonyesha mti. Vifaa vyake ni mbao, mikanda na jiko la mkaa. Havifiki bei ya matairi ya gari moja la ofisi. Magazeti makuukuu tutayatoa sisi wenyewe. Na shahidi wa kila jina jipya abaki nchini, nakala ndizo zisafiri.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina nafasi katika mambo hayo. Ni kweli kwamba toka 1935 mpaka mwisho wa 2011 maelezo rasmi yalipasa kuwa na Kilatini, na toka 2012 huruhusiwa Kilatini au Kiingereza, basi. Hata hivyo lugha yetu ilikwisha kupenya mlango huo. Kile kichaka ambacho akina mama wa mwambao hutia maua yake katika vikuba, chenye harufu inayomtangulia bi harusi chumbani, mwaka 1970 kiliandikwa kuwa jenasi mpya, na jina rasmi alilopewa na mtaalamu Verdcourt ni Mkilua. Hakubuni kitu, aliwauliza wenyeji wanakiitaje. Na mwaka 2009 jenasi nyingine ya jamaa hiyo hiyo, ya jamaa ya mstafeli, iliitwa Mwasumbia, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kinachobaki ni kuhakikisha maelezo ya kila mti wa kijiji yanafasiriwa kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi ya kijiji hicho, ili mwenyekiti akiulizwa na mwekezaji msituni mna nini awe na karatasi ya kuonyesha.

Yule mzee alifariki kabla ya masika ya juzi. Tulipokwenda kuhani, mjukuu wake wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, alitupeleka mpaka kwenye ile miti mitatu. Wa tatu ungali umesimama, na mpaka wa mashamba mapya umefika kiasi cha hatua hamsini kutoka hapo. Binti alikwangua gome kwa ukucha, akanusa, akatupa nasi tunuse. Tukamwachia rundo la magazeti na mbao mbili.